Kanisa la kijiji cha Guimiliau, Ufaransa: jinsi wakulima wa kitani walivyojijengea hazina ya mawe

Mpita_Njia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Ukitaja urithi wa Ufaransa, wengi hukumbuka Notre-Dame ya Paris au majumba ya wafalme kwenye bonde la mto Loire. Mimi leo naleta kijiji. Kinaitwa Guimiliau, kipo Finistère, huko Brittany, magharibi kabisa mwa Ufaransa, na wakazi wake ni kama 1,000 tu. Naishi mkoa huu, na kila mgeni anayenitembelea humpeleka pale kabla ya kumwonyesha bahari.

Katikati ya kijiji kuna kanisa la karne ya 16 na 17, la mtindo wa Ufufuko wa Sanaa (Renaissance), na mbele yake imesimama Kalvari ya mawe, yaani jukwaa lenye msalaba na sanamu za maisha na mateso ya Yesu. Ina sanamu zaidi ya 200 na ilichongwa kati ya 1581 na 1588. Wakati huo mfalme wa Ufaransa alikuwa Henri III, nchi imechanwa na vita vya Wakatoliki na Waprotestanti, na Brittany yenyewe ilikuwa imeunganishwa na Ufaransa mwaka 1532 tu. Fedha za kazi hii hazikutoka kwa mfalme wala kwa askofu. Zilitoka kwa wakulima waliolima kitani, wakakisokota, wakakifuma na kukiuza. Naomba mlishike hilo, maana ndilo lililonifanya niandike: hili ni kanisa ambalo wanakijiji walilipanga, wakalilipia na kulisimamia wenyewe, na mpaka leo mwenye jengo ni kijiji.

Parokia za eneo hili zilijenga kwa mpango unaofanana. Unakuta ukuta unaozunguka uwanja wa kanisa, halafu lango kubwa kama la ushindi la Warumi, Kalvari, jengo la kuhifadhia mifupa ya marehemu, na kanisa lenyewe lenye ukumbi wa mlango upande wa kusini. Makaburi zamani yalikuwa humo humo ndani ya ukuta. Jirani kabisa na Guimiliau kuna Saint-Thégonnec na Lampaul-Guimiliau, na mbele kidogo Sizun na La Martyre. Walishindana. Saint-Thégonnec walijenga lango lao mwaka 1587, Kalvari ya Guimiliau ikiwa bado mikononi mwa wachongaji. Sizun nao wakaja na lango lenye matao matatu na nguzo za Kikorintho.

Nikipata nafasi nitaendelea na ndani ya kanisa. Maswali karibuni.

DadaNeema

Asante kwa uzi, nimekaa mbele kabisa. Swali langu ni la hela. Mkulima wa kitani alipataje utajiri wa kuchonga sanamu 200? Kwetu mkulima ndiye wa mwisho kupata.

Mpita_Njia

Dada Neema, jibu lipo kwenye mnyororo mzima wa kazi, kwa sababu hawakuuza malighafi.

Mbegu nzuri za kitani zilitoka bahari ya Baltiki kwa meli na kushushwa bandari ya Roscoff. Mkulima alipanda majira ya kuchipua, akang'oa mimea na mizizi yake kiangazi, akailoweka, akaiponda na kuichana mpaka nyuzi zikatoka. Wanawake wakasokota. Kisha likaja jambo ambalo watu wa Léon, yaani kaskazini mwa Finistère, walilijua kuliko majirani zao: waliufanya uzi uwe mweupe kwanza ndipo wakafuma. Walijenga vijumba vidogo vya mawe kando ya vijito, vyenye mabirika na meko, wakawa wanauchemsha uzi kwa maji ya majivu na kuusuuza tena na tena. Vijumba hivyo wenyewe huviita kanndi. Vingine bado vipo mashambani.

Kitambaa kilichotoka humo kiliitwa crée. Kilipelekwa bandari ya Morlaix, na wanunuzi wakubwa walikuwa Waingereza, pamoja na soko la Hispania. Wakatokea wakulima ambao ni wafanyabiashara pia, wanaokusanya vitambaa vya majirani na kuviuza. Hao waliitwa juloded. Walibaki kijijini, walivaa kikulima, waliongea Kibretoni, lakini walikuwa na fedha kuliko baadhi ya makabaila.

Fedha ile ilifikaje kanisani? Kila parokia ilikuwa na baraza la waumini lililosimamia mali za kanisa. Watu wachache walichaguliwa kushika mahesabu kwa kipindi, halafu wakatakiwa kuyasoma mbele ya wenzao. Waumini walitoa walichokuwa nacho, iwe nafaka, kitani au fedha taslimu, na vitu vikapigwa mnada kwa faida ya kanisa. Wengine waliacha mashamba kwa wosia ili waombewe. Baraza ndilo lililoandikiana mkataba na mchongaji na kumlipa kwa awamu. Kwa hiyo mtunza hesabu wa kijiji ana sehemu yake katika sanaa hii sawa na mwenye patasi.

FundiUashi

Mkuu, hapo kwenye patasi umenigusa. Mimi ni fundi wa mawe. Sanamu ziko nje zaidi ya miaka 400, mvua ya Atlantiki inapiga, zinabakije na sura? Ni jiwe gani?

Mpita_Njia

Fundi, swali zuri sana. Kuta za makanisa haya nyingi ni za matale (graniti) ya kawaida ya Brittany. Lakini kwa kazi ya kuchonga, mafundi wa hapa walipenda jiwe linaloitwa kersanton, la kijivu kizito karibu na weusi, linalochimbwa ukingoni mwa ghuba ya Brest. Likitoka machimboni huwa laini kiasi, patasi inapita vizuri, halafu linakuwa gumu kadiri linavyokaa hewani. Chembe zake ni ndogo mno, ndiyo maana mikunjo ya nguo na ncha za vidole hazijalika. Tale linalochongwa pembeni yake huota kuvu na kupoteza makali, ila kersanton unaweza kufikiri fundi ameondoka juzi. Karakana maarufu zilikuwa Landerneau, mji wenye mto unaoingia baharini, hivyo mawe yalifika kwa mashua. Jina kubwa la karne ya 17 ni Roland Doré wa Landerneau, aliyeacha misalaba na sanamu sehemu nyingi za Finistère.

Kengele_ya_Asubuhi

Mimi Mkatoliki, nataka kuelewa hiyo Kalvari. Ni Njia ya Msalaba?

Mpita_Njia

Hapana, ni pana zaidi. Fikiria jukwaa la mawe lenye pembe nane, linaloshikwa na nguzo nene nne za pembeni zenye matao. Kwenye pembe hizo wamekaa Wainjilisti wanne. Kiunoni mwa jukwaa kuna mkanda wa picha zilizochongwa: Kupashwa Habari Maria, kuzaliwa kwa Yesu, kukimbilia Misri, Karamu ya Mwisho, kuoshwa miguu. Juu ya jukwaa zimesimama sanamu za Mateso, na juu ya zote msalaba.

Mambo mawili yatakushangaza ukifika. La kwanza, matukio hayafuati mpangilio wa wakati; unazunguka na kujipangia mwenyewe. La pili, askari wanaomkamata Yesu wamevaa kama askari wa Ufaransa wa miaka ya 1580, na anapobeba msalaba kuna mpiga ngoma na mpiga baragumu mbele yake. Mkulima wa Guimiliau wa wakati ule aliwatambua watu wale. Mimi naona hapo ndipo mchongaji alipofanya kazi yake kubwa, kuliko hata kwenye msalaba wenyewe, ambao ni mtulivu na wa kawaida.

Halafu upande mmoja kuna Katell Gollet.

Kengele_ya_Asubuhi

Huyo nani tena? Hayumo kwenye Biblia.

Mpita_Njia

Hayumo, ni wa hadithi za Brittany. Jina lake maana yake Katarina Aliyepotea. Alikuwa msichana mrembo aliyependa dansi kupita kiasi, akaficha dhambi zake kwenye kitubio, mwisho akaiba Hostia, yaani mkate mtakatifu wa Komunyo, na kumpa shetani aliyemjia kwa sura ya kijana. Watu wote wa Brittany wanajua alikoishia.

Ukimsogelea unaona hivi: mdomo wa jehanamu ni taya za mnyama zilizoachama, zenye meno, na moto ndani. Katell yuko uchi, amebanwa katikati ya mashetani wanaomvuta. Mmoja amemshika kwa mikono yote miwili. Uso wake hauonyeshi ukelele. Ametoa macho mbele, kama mtu ambaye ndiyo kwanza anaelewa kinachomtokea. Kazi ndogo tu kwa kimo, lakini wageni wote huishia kusimama hapo.

Mkumbuke waumini wengi hawakujua kusoma, na lugha yao ilikuwa Kibretoni, si Kifaransa. Padri Michel Le Nobletz, aliyefariki 1652, alizunguka mkoa huu na picha zilizochorwa juu ya ngozi akifundishia vijijini. Pale Guimiliau jengo la mifupa la mwaka 1648 lina mimbari ya mawe inayotazama nje, ili padri ahubiri watu wakiwa wamesimama uwanjani, Kalvari na makaburi vikiwa mbele ya macho yao.

BukavuYetu

Aksanti sana ndugu kwa hii mafundisho. Mimi niko Ubelgiji, nimefika Brittany mara moja lakini sikuingia vijijini. Hiyo nyumba ya mifupa inanisumbua. Kwa nini waliondoa wafu wao ndani ya udongo?

Mpita_Njia

Ndugu, ni kwa sababu ya nafasi. Watu walitaka kuzikwa ndani ya kanisa au karibu nalo kadiri iwezekanavyo, na uwanja ni mdogo. Baada ya miaka, mifupa ilitolewa kwa heshima na kuwekwa katika jengo hilo, ili kaburi lipokee mwingine. Marehemu hawakutupwa mbali, walibaki pale pale walio hai wanapopita kila Jumapili. Kuzika ndani ya makanisa kulizuiwa na amri ya mfalme mwaka 1776, na baadaye makaburi mengi yakahamishiwa nje ya vijiji.

La Martyre wana jengo la mifupa la mwaka 1619, lenye maandishi ya Kibretoni yanayosema mtu akifikiria kifo, hukumu na jehanamu ya baridi, hana budi kutetemeka. Ndiyo, baridi. Kwa watu wa upepo na mvua ya huku, adhabu ya kutisha ni baridi. La Roche-Maurice nako kwenye jengo la 1639 kuna Ankou, yaani Kifo mwenyewe akiwa na mkuki, na maneno yake: "Nawaua nyote."

Mwalimu_Mstaafu

Uzi mzuri. Ila kichwa changu kinauliza: huu ni Ufufuko wa Sanaa kweli? Ule wa Italia, Florence na Roma, uwezekano wa kufika kijiji cha wakulima ulikuwaje? Mbona maelezo yako yana mashetani na mifupa, mambo ya zama za kati?

Mpita_Njia

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza jambo ambalo hata wataalamu hulizungumza sana, na jibu ni kwamba vyote viwili vipo pamoja.

Njoo kwenye ukumbi wa mlango wa kusini wa Guimiliau, uliojengwa 1606 hadi 1617. Nje una kipaji cha pembetatu, nguzo za kizamani za Kirumi na vishubaka vyenye umbo la kombe, mambo yaliyofika kwa vitabu vya michoro vilivyochapwa na kwa majumba ya makabaila, hasa kasri la Kerjean ambalo liko kaskazini ya hapa. Juu amewekwa Mtakatifu Miliau, msimamizi wa kijiji, mwana wa mfalme wa kale wa Kibretoni aliyeuawa na nduguye, naye amevalishwa mavazi ya kifalme. Lakini geukia kwenye matao ya mlango: Hawa anatolewa ubavuni mwa Adamu, safina ya Nuhu inaelea, Nuhu amelewa. Ni vipicha vidogo vilivyobanwa kwenye tao kwa namna ambayo fundi wa miaka 200 nyuma angeielewa mara moja. Ndani wamepangwa Mitume pande mbili.

Na hawakuuacha mtindo huo ulipopitwa na wakati Paris. Waliendelea kuutumia mpaka mwisho wa karne ya 17. Kuna wanaouita uchelewaji. Mimi siafiki. Walichagua walichokipenda, na baraza ndilo lililokuwa na mfuko.

Ndani ya kanisa kuna banda la mwaloni juu ya kisima cha ubatizo, la mwaka 1675, limesimama juu ya nguzo nane zilizosokotwa na kupandwa mizabibu ya kuchonga kutoka chini hadi juu. Mimbari ni ya 1677. Kinanda kikubwa cha mabomba ni kazi ya Thomas Dallam, na hapa niwatoe kidogo njiani. Babu yake, naye Thomas Dallam, ndiye fundi Mwingereza aliyesafirisha kinanda kinachojipiga chenyewe hadi Istanbul mwaka 1599, zawadi kwa Sultani Mehmed III. Baba yake Robert alihamia Brittany katika miaka ya 1640, Wapuriti, Waprotestanti wenye msimamo mkali, walipokuwa wanavunja vinanda vya makanisa Uingereza. Familia ikapata kazi vijijini kwa wafumaji wa kitani. Kwenye ubao wa roshani ya kinanda utaona Daudi na kinubi chake, Mtakatifu Sesilia akipiga kinanda, na msafara wa ushindi wa Aleksanda Mkuu. Aleksanda, kijijini!

Nyumba_Kumi

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Watu wale walikuwa na hela, wakaitia yote kwenye mawe. Soko lilipokufa walibaki na nini? Wangejenga barabara au shule.

Mpita_Njia

Mkuu Nyumba Kumi, hoja yako ina uzito na soko kweli lilikufa. Colbert, waziri wa Louis XIV, alipandisha ushuru wa bidhaa za nje mwaka 1667. Waingereza wakajibu, na mwaka 1678 wakapiga marufuku vitambaa vya Ufaransa. Vita vikafuata kuanzia 1688. Parokia za kitani zikapungukiwa na baada ya hapo majengo makubwa mapya ni machache.

Lakini tazama ile kazi ilikuwa nini wakati ule. Ilikuwa mshahara wa wachonga mawe, maseremala, wachoraji, wafua kengele na waendesha mikokoteni kwa zaidi ya karne moja. Ilikuwa pia mahali ambapo mkulima alijifunza kusimamia mkataba, kuweka mahesabu na kuhojiwa na wenzake. Baraza la parokia ndilo lililoendesha mambo mengi ya kijiji kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Siwezi kuita hilo fedha iliyopotea.

Wakili_Mtazamaji

Naomba ufafanuzi wa umiliki. Umesema mwenye jengo ni kijiji. Ufaransa si nchi isiyo na dini rasmi? Inakuwaje halmashauri imiliki kanisa?

Mpita_Njia

Wakili, hapa ndipo urithi wenyewe unaposhikwa au kupotea, nitaenda taratibu.

Novemba 1789 mali za Kanisa zilitaifishwa. Sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 ikatenganisha dini na serikali. Kanisa Katoliki lilikataa kuunda vyama ambavyo sheria ilitaka vipokee majengo, hivyo makanisa ya parokia yaliyokuwepo kabla ya 1905 yakabaki mali ya halmashauri, na makanisa makuu mengi mali ya serikali kuu. Sheria ya 1908 ikaziruhusu halmashauri kutumia fedha zao kuyatunza. Mapadri na waumini wana haki ya kuyatumia kwa ibada bila malipo, na haki hiyo haina mwisho wa muda. Meya akitaka kufanya tamasha la muziki ndani, sharti paroko akubali. Alsace na Moselle wana utaratibu wao, maana mwaka 1905 walikuwa chini ya Ujerumani.

Kanisa likiorodheshwa kuwa jengo la kihistoria chini ya sheria ya 1913, halmashauri haiwezi kugusa hata kigae bila kibali cha wataalamu wa serikali, lakini serikali nayo huchangia gharama. Sehemu inayobaki inatafutwa: mkoa, wahisani, taasisi ya urithi Fondation du patrimoine iliyoanzishwa kwa sheria ya 1996, bahati nasibu ya urithi iliyoanza 2018. Guimiliau wana bahati, jina lao linajulikana. Hofu yangu ni vijiji ambavyo kanisa lao ni la karne ya 16, zuri kwa wenyewe, lakini halina Kalvari ya kuleta watalii. Ripoti ya Seneti ya mwaka 2022 ilitaja makadirio kwamba majengo ya dini kati ya 2,500 na 5,000 nchini Ufaransa yanaweza kuachwa, kuuzwa au kubomolewa ifikapo 2030. Mwaka uliofuata ukazinduliwa mchango wa kitaifa kwa halmashauri zenye watu chini ya 10,000, lengo euro milioni 200 kwa miaka minne.

Maji ndiyo adui mkubwa. Kigae kimoja kikiteleza, boriti inalowa, mdudu anaingia, na kijiji kinakuja kugundua gharama ikiwa imeshazidi bajeti ya mwaka. Mkitaka kujua moto unafanya nini, Saint-Thégonnec waliungua Juni 1998. Sehemu ya paa ikaanguka juu ya madhabahu za mbao zilizochongwa. Ukarabati ulichukua miaka, mafundi wakisafisha masizi kipande kwa kipande.

DadaNeema

Mkuu nimesoma yote. Na sisi pwani mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 walitoka Ufaransa, kumbe walikuwa wanatoka kwenye nchi ya vijiji vya namna hii. Nikipata likizo nianzie wapi?

Mpita_Njia

Dada, anzia Sizun kuona lango, uende Lampaul-Guimiliau kuona boriti ya msalaba ya karne ya 16 inayokatiza kanisa juu ya vichwa vya waumini, imepakwa rangi. Mnara wao usikushangaze kuwa butu, ulipigwa radi mwaka 1809. Kisha Guimiliau, ukae hapo muda mrefu, na umalizie Saint-Thégonnec, ambako kwenye Kalvari utamkuta mtakatifu wao na mkokoteni unaovutwa na mbwa mwitu. Hadithi yao inasema mnyama huyo alimla ng'ombe wake naye akamfunga nira badala yake.

Ukibaki na siku, shuka Plougastel-Daoulas. Kalvari yao ilijengwa 1602 hadi 1604 baada ya tauni ya 1598. Mwaka 1944 ilivunjwa vibaya kwa mabomu wakati wa kuikomboa Brest. Afisa wa jeshi la Marekani, John Skilton, aliyekuwa kwenye kikosi cha kulinda kazi za sanaa, alirudi kwao akachangisha fedha, na sanamu zikatengenezwa upya.

FundiUashi

Huyo Skilton namtafuta leo hii hii. Mkuu, ukienda tena tuwekee picha za karibu za kazi ya patasi kwenye ule ukumbi wa mlango, hasa safina.

Mpita_Njia

Nitaweka, fundi. Na za Katell pia.